Dola 89 iliyogeuka 145: safari yetu ya Orlando na ile ada ya taulo

Wiki hii peke yake watu wawili wameniuliza, mmoja yuko Minneapolis mwingine Dallas, wote wanataka kupeleka watoto Orlando kwenye zile bustani za michezo za Disney na Universal, na wote swali lao ni lile lile, eti hoteli ya dola themanini na kitu kwa usiku ipo? Ipo. Mimi nililala kwenye ya dola 89, Juni 2023, na nilipotoka nilikuwa nimelipa 145 na senti kwa kila usiku, na hiyo ni baada ya kubishana mpaka wakanirudishia kidogo. Kwa hiyo kaeni niwasimulie vizuri, maana nimechoka kujibu kwa voisi noti za dakika nane nane.

Sisi tunakaa karibu na Atlanta. Mwaka ule mama yangu alikuja kututembelea kutoka Tanga (viza alilipia dola 160, na Juni ile ile ikapanda ikawa 185, aliposikia akasema alhamdulillahi nimewahi), kijumbe changu (upatu) kikatoka mwezi wa nne, watoto wamefunga shule, baba watoto kapata siku sita kazini. Tukasema basi, twende tukamuone huyo panya wa Disney. Binti yetu alikuwa na miaka saba, mdogo wake miwili na nusu, na hii miaka ya watoto ishikeni kwa sababu ina hela ndani yake, nitaifikia.

Bajeti niliitengeneza mimi, kitandani, kwenye simu, saa tano usiku. Hoteli 89 mara siku tano ni 445, nikaandika 500, nikajiona mjanja nimeshaweka na cha kodi hapo. Kwenye apu ile 89 iliandikwa kubwaaa, chini yake kuna maandishi ya kijivu madogo kama yale ya kwenye chupa ya dawa, yanasema kuna ada nyingine utalipa hotelini. Niliyaona. Nisiseme uongo, niliyaona, nikasema ada nyingine itakuwa dola ngapi bwana, tano? Kumi?

Tumefika Kissimmee, jirani na Orlando ilipo hoteli, saa nne usiku, tumeendesha siku nzima na foleni ya Atlanta tumeila asubuhi, mtoto analia, mama kakaa juu ya begi lake pale mapokezi na khanga yake mabegani kwa sababu kiyoyozi cha Marekani hakina huruma. Kijana wa mapokezi mpole kabisa, anatabasamu, ananipa karatasi nisaini. Mama Kiingereza hasomi, lakini ameuza khanga na vitenge Ngamiani miaka zaidi ya thelathini, namba anazisoma kwa mbali kuliko mimi. Akanyanyuka, akachungulia begani kwangu, akaniambia kwa sauti ya chini, "Mwanangu, si ulisema themanini na tisa?"

Hesabu ilikuwa hivi. Chumba 89 mara tano, 445, hiyo sawa. Ada ya rizoti dola 35 kwa usiku, mara tano, 175. Jumla 620. Kodi asilimia 13.5 juu ya 620 yote, sio juu ya 445, ni 83.70. Paking dola 12 kwa usiku, 60, na yenyewe ina kodi yake 4.50. Jumla kuu 768.20. Yaani mia saba sitini na nane! Kwenye bajeti yangu nimeandika 500 na nimejipongeza.

Nikamuuliza yule kijana, hii ada ya rizoti ni ya nini, akanitajia kama anaimba: intaneti, gym, simu za ndani ya Marekani, chupa mbili za maji, na taulo za bwawani. Mama akaniuliza anasemaje, nikamtafsiria, akashika hapo hapo kwenye taulo. "Taulo? Dola thelathini na tano kwa siku, taulo?" Nikamwambia na maji chupa mbili mama. Akasema mwe. Toka usiku ule nyumbani kwetu haiitwi ada ya rizoti, inaitwa ada ya taulo, na mama siku zote tano alikuwa anashuka bwawani kuchukua taulo hata kama haogelei, anakaa nazo mbili mapajani anaangalia wajukuu wanavyoruka, anasema nimelipia.

Sasa tuelewane kwenye jambo moja, kwa sababu watu wengi nikiwasimulia wanalaani kodi. Mimi kodi siigombi. Kodi ya hoteli inajulikana mpaka nukta ya mwisho, unaweza kuipiga ukiwa jikoni kwako miezi mitatu kabla. Orlando yenyewe na sehemu kubwa ya Disney na Universal ziko Orange County, pale kodi ya mauzo ni asilimia 6.5 na kodi ya watalii asilimia 6, jumla 12.5. Ukivuka kuingia Osceola County, ndiyo Kissimmee huko na Celebration, kodi ya mauzo ni 7.5 na ya watalii 6 vile vile, jumla 13.5. Basi. Haina siri. Hata hoteli za Disney za bei ya chini, zile All-Star, ziko upande wa Osceola kwa hiyo zinakatwa 13.5 wakati nyingine za Disney zinakatwa 12.5. Hiyo ya watalii ndiyo inayojenga ule ukumbi mkubwa wa mikutano wa Orange County na kulipia matangazo ya kukuita wewe uje, kwa hiyo unalipia tangazo lililokuleta, ni kichekesho lakini angalau imeandikwa kwenye sheria.

Asilimia moja ya tofauti kati ya kaunti na kaunti, kwenye chumba cha dola 100 ni dola moja kwa usiku. Dola moja! Nimeona watu wanaumiza kichwa kukwepa Osceola kwa ajili ya hiyo dola moja, halafu wanaingia hoteli ya Orange yenye ada ya taulo dola 40. Na ada yenyewe inakatwa kodi, ndiyo uchungu wake huo, ada ikiwa ya lazima Florida inahesabika kama sehemu ya bei ya chumba, kwa hiyo ile 35 yangu ya Kissimmee sio 35, ni 39.73.

Kwa sisi tuliokulia nyumbani hii inachanganya zaidi, kwa sababu kule dukani bei ni bei. VAT asilimia 18 imo humo humo ndani, ukiambiwa soda shilingi fulani unatoa hiyo hiyo unaondoka na soda yako. Huku bei ya kwenye kibandiko ni mwanzo wa mazungumzo tu. Mama wiki ya kwanza alikuwa anahesabu chenji yake kamili mkononi kabla ya kufika kaunta, anafika anaambiwa kuna senti zimeongezeka, ananiangalia mimi kama nimemuibia.

Turudi mapokezi, kwa sababu hatujamaliza. Nikatoa kadi ya benki, ile ya debiti, maana mimi kadi za mkopo nilikuwa naziogopa. Kijana akasema tutashikilia dola 50 kwa usiku kama dhamana ya uharibifu, zitarudi. 250 hiyo. Na kweli zilirudi, siku saba baada ya sisi kuondoka. Kwa hiyo katikati ya likizo nina 250 ambayo ni yangu na siwezi kuigusa, siku ya tatu nikakataliwa kadi Walmart mbele ya watu, nina mkate na mayai na ndizi mkononi. Kadi ya mkopo ingekuwa wameshikilia nafasi kwenye mkopo, hela yangu halisi ingebaki benki. Hili mtu hakuniambia, kwa hiyo mimi nawaambia: hoteli, gari la kukodi, hata pampu ya mafuta, hawa wote wanashikilia, na ukiwa na debiti wanashikilia hela ya mboga.

Gari sasa. Sisi gari letu lilikuwa dogo, mama na kiti cha mtoto na mabegi hatuenei, tukakodi minivani hapo hapo Atlanta. Gari letu lina kile kibandiko cha Peach Pass cha Georgia, na Peach Pass Florida inafanya kazi vizuri tu kwenye barabara za tozo, lakini kibandiko kimegandishwa kwenye kioo cha gari lililobaki nyumbani. Ukitoka Atlanta unashuka na I-75 bila kulipa kitu mpaka Wildwood, pale ndipo unachepuka kuingia Florida's Turnpike, na hapo tozo zinaanza, na Orlando nzima imezungukwa na barabara za tozo, 417, 429, 528, GPS inakupitisha humo bila kukuuliza. Sisi tulipita tu, hakuna kibanda cha kusimama mahali pengine, kamera inapiga namba. Wiki tatu baadaye kampuni ya magari ikanitoza, tozo zenyewe hazikufika dola 15, lakini ada yao ya "huduma ya tozo" ilihesabiwa kila siku tuliyokuwa na gari, hata siku ambazo gari lilikuwa limepaki hotelini kutwa nzima. Ada ilizidi tozo zaidi ya mara mbili.

Dawa yake ni rahisi mpaka inaudhi. Kama unatoka jimbo lenye kifaa kinachokubalika Florida, E-ZPass ya huko kaskazini mashariki au Peach Pass, beba kifaa chenyewe (kile cha kubeba mkononi, sio cha kugandisha) na uongeze namba ya gari la kukodi kwenye akaunti yako kabla hujaondoka. Kama unashuka kwa ndege pale MCO, uwanja wa ndege wa Orlando, uliza kile kitambulisho cha tozo cha wageni cha wakala wa barabara wa huko, unaning'iniza kwenye kioo, unalipa tozo tu. Au GPS iambie iepuke tozo, utachelewa, utaona maduka ya fulana za dola tano, sio mbaya.

Bustani yenyewe. Tiketi za Disney zinategemea tarehe, ya siku moja inaanzia dola 119 siku zisizo na watu, na Magic Kingdom siku za Krismasi 2025 ilifika 199, hiyo kabla ya kodi asilimia 6.5. Bei ya mtoto ni miaka 3 mpaka 9 na inapungua dola chache tu, usitegemee nusu bei. Chini ya miaka 3 anaingia bure, ndiyo maana nikasema ishikeni ile miwili na nusu, sisi tuliwahi kwa miezi sita. Wazee hawapunguziwi, mama yangu na mvi zake alilipa kama kijana wa miaka ishirini na tano na hakupanda chochote zaidi ya ile mashua ya wanasesere wanaoimba, mara nne.

Paking ya kwenye bustani ilikuwa dola 25 siku tulizoenda sisi, Oktoba ya mwaka ule ule wakaipandisha ikawa 30. Kwa siku. Ukilala hoteli ya Disney hiyo unasamehewa, na hoteli zao zenyewe hazina ada ya taulo, na paking ya kulaza gari waliyoianzisha 2018 waliifuta Januari 2023. Sasa hapa ndipo hesabu inaanza kuwa na akili. Mtu anasema hoteli ya Disney ghali, 160 kwa usiku, mimi nachukua ya 89 nje. Haya, weka 35 ya taulo, weka 12 ya paking, weka kodi, weka 30 ya kupaki bustanini kila siku, umefika wapi? Umeipita ile ya Disney. Lakini nao wana kamtego kao, chumba ni cha watu wazima wawili, wa tatu kuanzia miaka 18 analipiwa kwa usiku, kwenye zile za bei ya chini ni kama dola 15, kwa hiyo ukiwa na mama au mama mkwe au shemeji, hesabu inabadilika tena. Na usidhani kila hoteli iliyo ndani ya ardhi ya Disney ni ya Disney, Swan na Dolphin ziko humo humo lakini zinaendeshwa na wengine, na zinatoza ada ya rizoti na paking. Za Universal hazina ada ya rizoti ila kulaza gari unalipa.

Foleni. Zamani ile tiketi ya kuruka foleni Disney ilikuwa bure, ikafa na korona, ikarudi 2021 kwa jina la Genie+ ikiwa ya kulipia, na toka Julai 2024 inaitwa Lightning Lane Multi Pass. Bei inabadilika kila siku, kwa Magic Kingdom jiandae zaidi ya dola 20 kwa kila kichwa. Hii siiiti ada ya siri, maana unachagua mwenyewe, lakini ukisimama juani Juni saa nane mchana, binti yako ananing'inia mkononi, ubao unasema dakika 95, hapo kuchagua kuko wapi. Iwekeni kwenye bajeti toka nyumbani, msipoitumia mtakula aiskrimu.

Chakula tulifanya vizuri, hapo najisifu. Disney wanaruhusu uingie na chakula chako, sharti isiwe chupa za kioo wala pombe, na maji ya barafu kwenye kikombe unaomba bure kwenye vibanda vyao vya chakula. Vyakula vingi vya dukani Florida havikatwi kodi ya mauzo, mkate, mayai, matunda, wakati ukila kilichopikwa unalipa 6.5 au 7.5 na bakshishi juu. Mama alipika chapati usiku kwa jiko la umeme dogo tulilobeba (najua, najua, hoteli ilikataza), tukaingia nazo na maharage ya nazi kwenye chombo. Mlinzi kafungua begi, kanusa, kasema kwa Kiingereza kwamba anaomba aje na sisi.

Siku ya nne ndiyo tukagombana na hoteli. Florida Juni kila alasiri inakuja mvua na radi, na radi ikipiga bwawa linafungwa, hiyo sheria ya usalama wala sibishi. Lakini siku mbili mfululizo lilifungwa toka saa saba mchana halikufunguliwa tena, na gym ilikuwa na karatasi mlangoni toka tunafika. Mama ndiye aliyenisukuma. Aliniambia, "Mteja akirudisha khanga ina tundu, mimi namrudishia, simwambii soma karatasi. Nenda." Nikaenda nikamkuta meneja, sikupiga kelele, nikamwambia unanitoza kwa ajili ya bwawa na gym na sijavipata. Akaangalia kompyuta muda mrefu, akanifutia usiku mmoja, 35 na kodi yake, 39.73. Kwa hiyo tukaishia 728.47, gawa kwa tano, 145.69. Ndiyo hiyo ya kwenye kichwa cha habari. Kwa hiyo ulizeni jamani, wanaweza kukataa lakini hawakuui.

Kuna wanaosema suluhisho ni nyumba, zile za Davenport na Kissimmee zenye vyumba vitano na bwawa lao, familia tatu mnachanga, mnapika pilau. Nakubaliana, kama mko wengi na mnakaa siku nyingi. Ila ada ya usafi ni moja iwe umelala siku mbili au kumi, kwa hiyo ukilala mbili inakukaba, ukilala wiki inayeyuka. Na wakati wa baridi kuna ada ya kupasha moto bwawa, inahesabiwa kwa siku, msipoiomba mapema mtafika Desemba mnaliangalia tu limejaa maji ya baridi. Shoga yangu mmoja aliikataa hiyo ada kwa ubishi, watoto wakaingia bwawani dakika tatu wakatoka midomo ya zambarau.

Mambo yamebadilika kidogo tokea hapo. Toka tarehe 12 Mei 2025 kuna kanuni ya serikali kuu ya Marekani, ya ile tume ya biashara FTC, inayolazimisha hoteli na nyumba za kupangisha kwa siku kuonyesha bei ikiwa na ada zote za lazima ndani yake toka mwanzo, na iandikwe kubwa kuliko namba nyingine. Mwaka ule ule mwezi wa nne Airbnb nao wakaanza kuonyesha jumla dunia nzima, ada ya usafi ikiwemo. Kwa hiyo ile hoteli yangu ya 89 leo inatakiwa iandikwe 124. Lakini sikilizeni, ada haijafutwa, imetolewa tu gizani. Na kodi za serikali bado wanaruhusiwa kuziongeza mwishoni, na paking kwa kuwa "sio lazima" haimo. Sio lazima, yaani gari ningeliweka mfukoni.

Agosti 2025, tukarudi, safari hii wanne, mama yuko Tanga. Mdogo sasa ana minne na nusu, analipiwa. Dada yake ametimiza kumi mwezi wa saba, na kwa Disney ukifika kumi wewe ni mtu mzima, bei kamili, yeye alifurahi sana kuliko sisi. Akataka na Epic Universe, ile bustani mpya ya Universal iliyofunguliwa Mei, tukamwambia mtu mzima hujilipia, akanyamaza.

Safari hii sikutumia simu kitandani. Nilichukua kaunta buku kama la mama la dukani, nikachora ukurasa mmoja kwa kila hoteli, na kitu cha kwanza sikuandika bei ya usiku, niliandika kinachobaki benki siku ya kutoka. Kila hoteli nilipiga simu, swali moja tu: nikikaa usiku nne, nina gari moja, watu wanne, nitatoka mlangoni nimelipa shilingi ngapi, na mtashikilia ngapi kwenye kadi? Wengine wanaona usumbufu, wanakwambia angalia mtandaoni. Hao nilikuwa nawakata kwa kalamu nyekundu, sikuwa na sababu nyingine.

Tukapata moja Orange County, inaonekana ghali, 118 kwa usiku. Haina ada ya taulo, haina ada ya paking. 118 mara nne ni 472, kodi 12.5 ni 59, jumla 531, kwa usiku 132.75. Ile 118 ilikuwa rahisi kuliko ile 89. Nimeirudia hesabu hii mara nyingi mno, nimemuonyesha baba watoto mpaka akaniambia nimeelewa mke wangu, nimeelewa. Tulienda na gari letu, kibandiko chetu kwenye kioo, dhamana nikalipa kwa kadi ya mkopo.

Tulipofika nikampigia mama video, nikamuonyesha chumba, bwawa, wajukuu. Akauliza kitu kimoja tu, taulo wamelipisha? Nikamwambia hapana mama, hapa taulo bure, paking bure, na chai ya asubuhi wanatupa. Akanyamaza, nikadhani mtandao umekata. Kumbe anafikiria. Akasema, "Bure taulo, bure paking, bure chai. Sasa hao faida yao wanaipata wapi?"

Nikamwambia sijui mama, nikakata simu, nikashuka mapokezi kuomba niione tena ile karatasi niliyosaini.